Kuongeza gesi ya kiyoyozi cha gari nyumbani: kwa nini geji peke yake haitoshi

Swali

Msomaji ameandika hivi: "Gari langu linatumia gesi ya R-134a. Kwa mwaka mmoja na zaidi ubaridi wa kiyoyozi umekuwa ukipungua kidogo kidogo. Nimenunua kopo la gesi lenye mpira na geji ndogo. Nilipounganisha injini ikiwa imezimwa, geji ilisoma psi 90, nikaamini kwamba gesi imejaa. Nilipowasha injini na kiyoyozi, mshale ulishuka hadi psi 15, na kompresa ikawa inashika na kuachia kila baada ya sekunde chache. Je, niongeze gesi mwenyewe? Nitajuaje kuwa imetosha? Na je, kopo lenye dawa ya kuziba mivujo lingenifaa zaidi?"

Jibu

Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, yaelekea sana kwamba gari lako limepungukiwa na gesi, na kuongeza gesi nyumbani ni kazi inayowezekana kwa mtu mwangalifu mwenye vifaa vichache. Naiunga mkono kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba utafute sababu ya gesi kupungua kabla hujafungua kopo. La pili ni kwamba gesi unayoingiza uipime kwa mizani, kwa gramu, wala usiiachie geji peke yake ikuamulie. Sharti hili la pili ndilo linalopuuzwa zaidi, na kwa kuwa psi 90 uliyoiona imekwisha kukupotosha mara moja, nitaanza nalo.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, sehemu ya gesi iliyomo kwenye mabomba huwa kimiminika na sehemu nyingine huwa mvuke. Vitu hivyo viwili vinapokaa pamoja ndani ya chombo kilichofungwa, shinikizo lake huamuliwa na jotoridi, si na wingi wa gesi. R-134a kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ina shinikizo la takriban psi 68. Kwenye nyuzi 28 inafika psi 90 hivi. Kwenye nyuzi 35 inapita psi 110. Mtungi wa gesi ya kupikia hufuata kanuni hiyo hiyo: shinikizo lake halibadiliki sana tangu ukiwa umejaa hadi unapokaribia kwisha, ndiyo maana anayetaka kujua kilichobaki huunyanyua au huuweka kwenye mizani. Basi psi 90 ilikuambia mambo mawili tu: kwamba chini ya boneti kulikuwa na joto la nyuzi 28 hivi, na kwamba mahali fulani ndani ya mfumo bado kuna kimiminika. Gari hilo hilo, siku hiyo hiyo, lingesoma psi 90 likiwa na gramu 250 na lingesoma psi 90 likiwa na gramu 600.

Hata hivyo, habari ile ya pili ina thamani yake. Kama geji ingesoma psi 40 kwenye joto la nyuzi 28, tungejua kwamba hakuna kimiminika kilichobaki, kwamba mfumo uko karibu kuwa mtupu, na kwamba yamkini hewa na unyevu vimeanza kuingia au vitaingia karibuni. Hali hiyo haitibiwi kwa kopo, na sababu yake nitaieleza mbele. Wewe hujafika huko.

Sasa tuingie kwenye psi 15. Kompresa inapofanya kazi huvuta mvuke kutoka kwenye evapareta, yaani ile rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na kuusukuma kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta ya maji. Kwenye kondensa mvuke hupoteza joto na kuwa kimiminika. Kimiminika hupita kwenye tundu jembamba la valvu ya upanuzi, shinikizo lake hushuka ghafla, nacho huanza kuchemka ndani ya evapareta. Kuchemka huko ndiko kunakofyonza joto la hewa ya ndani ya gari. R-134a kwenye shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwenye psi 28 huchemka karibu na nyuzi sifuri. Kwa sababu hiyo, mfumo wenye gesi ya kutosha husoma kwa kawaida kati ya psi 25 na 45 upande wa chini, yaani upande wa shinikizo dogo kati ya evapareta na kompresa, unapofanya kazi: evapareta inakuwa baridi sana, lakini maji yanayotoka kwenye hewa hayagandi juu yake.

Kwako mshale ulishuka hadi psi 15, ambayo ni sawa na nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Mtu anaweza kudhani kwamba baridi kali kiasi hicho ni jambo jema. Ukweli ni kwamba kimiminika kinachofika kwenye evapareta ni kichache mno, kinachemka chote pale mlangoni, na sehemu kubwa ya evapareta inabaki haina cha kuchemsha. Hewa inayopita juu yake hutoka ikiwa vuguvugu. Swichi ya shinikizo la chini huona hali hiyo na kuikatia kompresa umeme, shinikizo hupanda tena, swichi huirudishia umeme, na mzunguko huo hujirudia kila baada ya sekunde chache kama ulivyoona. Naomba usiizunguke swichi hiyo kwa kipande cha waya, jambo ambalo baadhi ya watu hulifanya ili kompresa isikatike. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikipungua, mafuta hayarudi kwenye kompresa kwa kiasi kinachotakiwa, na kompresa inayolazimishwa kuzunguka katika hali hiyo husagika na kusambaza vipande vya chuma katika mfumo mzima.

Nimesema "yaelekea sana" kwa makusudi, kwa sababu shinikizo la chini lililoshuka lina visababishi vingine pia. Chujio la hewa ya ndani likijaa vumbi, au feni ya ndani ikidhoofika, hewa inayopita kwenye evapareta hupungua na shinikizo hushuka, ingawa gesi ni timilifu. Valvu ya upanuzi ikiziba kwa uchafu, au ikigandiwa na barafu iliyotokana na unyevu ulio ndani ya mfumo, matokeo hufanana. Kwa upande mwingine, kuna magari mengi yasiyopoza ambayo tatizo lake halihusiani na gesi hata kidogo: feni ya kondensa imekufa, mapezi ya kondensa yameziba kwa matope na wadudu, fyuzi au rilei imeungua, au kile kilango kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi nyuma ya dashibodi kimekwama upande wa moto. Kagua mambo haya kwanza. Fungua chujio la ndani ulitazame. Washa kiyoyozi na uhakikishe kwamba feni ya mbele inazunguka kwa nguvu. Osha kondensa kwa maji yasiyo na msukumo mkali usije ukakunja mapezi yake. Mara nyingine kazi huishia hapo na kopo halifunguliwi kabisa.

Baada ya hapo litafute tundu. Gesi ya kiyoyozi haitumiki wala haiungui jinsi petroli inavyoungua. Huzunguka tu ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua maana yake imetoka. Ni kweli kwamba mipira na sili za gari lolote hupitisha kiasi kidogo mno cha gesi mwaka hadi mwaka, na gari la zamani ambalo halijawahi kuguswa linaweza kufikia upungufu unaosikika bila ya kuwa na ubovu wa kushikika. Lakini usianze na dhana hiyo, ifikie baada ya kukagua.

Mafuta ya kompresa ndiyo msaidizi wako mkubwa, kwa sababu gesi inapotoka hutoka na ukungu wa mafuta, na mafuta hukamata vumbi. Chukua tochi ufuate mabomba yote kutoka kwenye kompresa, ukitafuta doa jeusi lenye unyevunyevu kwenye maungio, kwenye sehemu ambapo mpira umebanwa na chuma, kwenye uso wa kondensa ambao hupigwa na mawe ya barabarani, na mbele ya kompresa nyuma ya pulii, mahali ilipo sili ya mhimili wake. Kisha chukua maji yenye sabuni nzito, upake kwenye maungio na juu ya valvu za kujazia injini ikiwa imezimwa, na usubiri kwa subira. Mvujo mdogo hautoi povu kubwa, hutoa vipovu vidogo vinavyokua polepole. Valvu za kujazia nazitaja kwa mkazo kwa sababu ni chanzo cha kawaida cha mvujo wa polepole, na vile vifuniko vyake vya plastiki vyenye mpira ndani vimewekwa ili kusaidia kuziba, hivyo gari lisilo na vifuniko hivyo limepungukiwa na kinga. Usipoona kitu, hatua inayofuata ni rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, ambayo huingizwa kwenye mfumo na kukaguliwa baada ya siku kadhaa za kuendesha, au kifaa cha kielektroniki cha kunusa gesi. Evapareta huwezi kuiona bila kung'oa dashibodi. Kwa hiyo hukaguliwa kwa kuingiza ncha ya kifaa hicho, au kuchungulia kwa taa, kwenye mrija unaotoa maji yake chini ya gari.

Ubaridi wako umepungua kwa zaidi ya mwaka, na hilo linaashiria mvujo mdogo sana. Kuongeza gesi mara moja katika hali hiyo, huku ukiendelea kuchunguza, ni uamuzi ninaoweza kuutetea. Kama gesi ingekuwa inaisha ndani ya wiki chache, ningekushauri usiongeze hata gramu moja mpaka tundu lizibwe, kwa sababu ungekuwa unaimwaga hewani kupitia gari lako. Kilo moja ya R-134a hupasha dunia joto kwa kiasi cha zaidi ya mara 1,400 ya kilo moja ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Nusu kilo inayovuja inalingana na hewa ya ukaa ya kilo 700 hivi. Ndiyo sababu nchi zilikubaliana huko Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hii kwa kuurekebisha Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, uliokuwa umekwisha kuiondoa sokoni R-12, gesi ya zamani ya viyoyozi, kwa kosa la kuharibu tabaka la ozoni. Zipo nchi ambazo huruhusu watu wenye cheti pekee kununua gesi hii, na nyingine huruhusu makopo madogo yenye valvu inayojifunga yenyewe. Ijue sheria ya mahali ulipo kabla ya kuendelea.

Kuhusu dawa ya kuziba mivujo, jibu langu ni hapana, na naomba ulizingatie hata kama kopo hilo ni la bei nafuu. Aina nyingi za dawa hizo huganda zinapokutana na hewa au unyevu, kwa matumaini kwamba zitakutana navyo kwenye tundu. Tatizo ni kwamba unyevu unaweza kuwa ndani ya mfumo wenyewe, na dawa ikagandia kwenye valvu ya upanuzi au kwenye kikausha unyevu. Zaidi ya hayo, dawa hizo huharibu mashine za mafundi za kunyonya gesi, na karakana nyingine hulikataa gari lililotiwa dawa. Tundu la kondensa huponywa kwa kubadilisha kondensa, na oringi (pete ya mpira ya kuzibia maungio) iliyokauka kwa kuweka nyingine. Hakuna dawa inayofanya kazi ya oringi. Kwa sababu inayokaribiana na hiyo, chagua kopo lenye gesi tupu lisilochanganywa na mafuta. Kwa mvujo mdogo kama wako mafuta yaliyopotea ni machache, na mafuta yakizidi hutanda ndani ya mirija ya evapareta na kupunguza ubaridi. Mafuta huongezwa kwa kipimo pale kifaa kinapobadilishwa, na lazima yawe ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Magari ya mseto na ya umeme yana hatari ya pekee hapa: kompresa zake nyingi huendeshwa na umeme wa volti nyingi na zinahitaji mafuta yasiyopitisha umeme, nayo mafuta ya PAG yanayotumiwa na kompresa za kawaida, hata kidogo, yanaweza kuharibu kinga hiyo. Mwenye gari la namna hiyo asiongeze gesi nyumbani.

Hakikisha pia aina ya gesi. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachoandika jina la gesi na uzito wake, kwa magari madogo mara nyingi kati ya gramu 400 na 900. Magari mengi mapya hutumia R-1234yf, ambayo milango yake ya kujazia ina umbo tofauti ili isichanganywe na R-134a, na ambayo inaweza kushika moto. Usitafute kiunganishi cha kulazimisha gesi moja iingie kwenye mfumo wa nyingine, na usikubali gesi za jamii ya propani na butani zinazouzwa kama mbadala. Evapareta iko ndani ya chumba wanachokaa watu, na mvujo wa gesi inayowaka humo ni hatari isiyo na sababu ya kukubaliwa.

Nije sasa kwenye kazi yenyewe. Ifanyie mahali pa wazi, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kuisukuma hewa ya kupumua. Vaa miwani ya kinga na glavu nene: kimiminika cha R-134a kikirukia ngozi au jicho huchemka papo hapo na kugandisha nyama ya mwili. Usivute sigara wala kuwa na moto karibu, kwani gesi hii ikigusa moto huvunjika na kutoa moshi wenye sumu kali. Funga nywele na mikono ya nguo mbali na mikanda na feni.

Tafuta mlango wa upande wa chini. Uko kwenye bomba lililo nene zaidi, lile linalokuwa baridi kiyoyozi kikifanya kazi, na kifuniko chake mara nyingi kina herufi L. Kiunganishi cha mpira wako kimetengenezwa kiingie hapo pekee; kisipoingia, usikilazimishe, utakuwa uko kwenye mlango wa juu wenye herufi H. Upande huo hufanya kazi kwenye psi 150 hadi 250 na hata zaidi siku ya joto, na kopo likiunganishwa nao gesi itarudi ndani ya kopo na kulipasua. Katika maelezo yote haya, hili ndilo kosa linaloweza kumjeruhi mtu vibaya kuliko yote.

Weka kopo juu ya mizani ya kielektroniki inayosoma gramu, pamoja na mpira wake ikiwa umekwisha kulitoboa, na uandike uzito. Kabla ya kukaza mpira kwenye gari, ruhusu gesi kidogo, kwa chini ya sekunde moja, isukume hewa iliyomo ndani ya mpira, la sivyo hewa hiyo utaiingiza kwenye mfumo. Hewa haigeuki kimiminika ndani ya kondensa. Hukaa humo, huchukua nafasi, na kupandisha shinikizo la upande wa juu bila faida yoyote.

Washa injini, weka kiyoyozi kwenye baridi ya mwisho, feni ya ndani kwenye kasi ya juu, hewa izunguke ndani, na milango ya gari iwe wazi ili mfumo ufanye kazi kwa nguvu zake zote. Ingiza kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Mtu wa pili akishikilia injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, usomaji utatulia zaidi. Kisha fungua valvu ya kopo, kopo likiwa limesimama wima ili mvuke ndio uingie. Ukiligeuza kichwa chini, kimiminika kitaingia moja kwa moja kwenye kompresa, nayo haiwezi kukibana kimiminika. Valvu zake za ndani zinaweza kuvunjika. Kopo litakuwa baridi sana na gesi itapungua kasi ya kutoka. Unaweza kulisimamisha ndani ya maji ya vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40, lakini kamwe usilipashe kwa moto.

Ingiza gramu 50 hivi, funga valvu, subiri dakika tatu au nne, kisha soma. Geji isomwe valvu ya kopo ikiwa imefungwa. Ikiwa wazi inasoma shinikizo la kopo, na watu wengi hushtuka au hufurahi bure kwa sababu hiyo. Pima kopo, andika. Rudia. Katika gari linaloitikia vizuri utaona mambo manne yakienda pamoja: kompresa itashika kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachia, shinikizo la chini litapanda na kutulia kati ya psi 30 na 40, bomba nene linalotoka kwenye evapareta litakuwa baridi kwa kushika na kutoka jasho, na kipimajoto kitashuka. Siku yenye joto la nyuzi 28, hewa inayotoka kwenye nyuzi 5 hadi 10 ni nzuri; penye unyevunyevu mwingi nyuzi 12 si dalili ya ubovu. Simama pale gramu 50 za mwisho zinapoacha kuleta badiliko kwenye kipimajoto. Usifuate rangi ya kijani iliyochorwa kwenye uso wa geji, maana yeyote aliyeichora hakulijua gari lako wala joto la siku hiyo.

Hapa ni lazima niseme wazi mpaka wa njia hii. Mizani inakuambia ulichoongeza, haikuambii kilichokuwemo. Kwa hiyo uzito ulioongeza ni kizuizi chako: kwa upungufu wa polepole kama wako, sitegemei uhitaji zaidi ya theluthi moja hadi nusu ya uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Ikiwa kibandiko kinasema gramu 500 nawe umekwisha kuingiza 250 bila mafanikio, acha. Tatizo liko kwingine. Njia iliyo sahihi kabisa ni ya fundi mwenye mashine, ambayo hunyonya gesi yote iliyomo na kuipima, huvuta ombwe (yaani hunyonya hewa na unyevu uliobaki), kisha hurudisha uzito kamili wa kibandiko. Ukiweza kuifikia huduma hiyo, ichague, na mashine itakuambia kilichokosekana kwa gramu.

Kuzidisha ni kubaya zaidi kuliko kupungukiwa kidogo, na hilo huwashangaza wengi wanaofikiri kwamba gesi nyingi ni baridi nyingi. Kimiminika kinachozidi hujaa kwenye kondensa na kuinyima nafasi ya kupoza mvuke. Shinikizo la juu hupanda, evapareta hupata joto, injini hulemewa, na kompresa huweza kumeza kimiminika. Ukiona shinikizo la chini limepita psi 50 na bado linapanda huku ubaridi ukipungua, zima kiyoyozi. Kwanza hakikisha kwamba feni ya kondensa inazunguka, kwa maana feni iliyosimama hutoa dalili zile zile. Ikiwa ni gesi iliyozidi, usiifungulie hewani. Mpelekee fundi mwenye mashine aipunguze.

Nilitaja mfumo uliokwisha gesi kabisa, au uliofunguliwa ili kubadilisha kifaa. Huo una hewa na unyevu ndani. Unyevu huganda kwenye valvu ya upanuzi, na ukichanganyika na mafuta na gesi huleta asidi inayokula metali. Dawa yake ni pampu ya ombwe iliyoachwa kufanya kazi kwa dakika 30 hadi 45 au zaidi: shinikizo likishushwa hadi kama asilimia 3 ya shinikizo la kawaida la hewa, maji huchemka hata kwenye nyuzi 25 na kutoka yakiwa mvuke, nayo pampu nzuri hushuka chini ya hapo sana. Kikausha unyevu nacho hubadilishwa mfumo ukiwa umekaa wazi. Baada ya kuvuta, pampu hufungwa na geji huangaliwa kwa nusu saa. Mshale ukirudi, tundu bado lipo. Kazi hii inahitaji geji mbili na pampu, na kopo lako pekee haliiwezi.

Ukimaliza, funga valvu ya kopo, ondoa kiunganishi kwa haraka na kwa mkono mmoja ulio thabiti, paka maji ya sabuni juu ya mlango wa kujazia, na vipovu visipotokea rudisha kifuniko chake. Andika tarehe, gramu ulizoongeza, joto la nje na joto la hewa iliyotoka, na ukibandike kikaratasi hicho chini ya boneti. Pima tena kwa kipimajoto baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu. Joto la hewa likianza kupanda ndani ya muda huo, kopo la pili lisinunuliwe; peleka gari likatiwe rangi ya kutafutia mvujo. Kopo lililobaki na gesi, ikiwa valvu yake inajifunga, litunzwe mahali penye kivuli na hewa, chini ya nyuzi 50, wala lisiachwe ndani ya gari linaloegeshwa juani. Ikiwa valvu yake haijifungi, liache limeungana na mpira wake huku kishikio kikiwa kimefungwa mpaka utakapomkabidhi fundi anayekusanya gesi iliyotumika.